Kumzuia mtoto wa miaka minne asitukane

Dada yangu, umeuliza ufanye nini na mwanao wa miaka minne aliyeanza kutukana tangu alipoanza kucheza na watoto wakubwa pale gatini, hapa Lamu, na kama ni sawa kumpaka pilipili mdomoni kama anavyoshauri nyanya yake. Pilipili usimpake, tafadhali. Mtoto wa umri huo hulishika neno kwa mlio wake na kwa namna watu wanavyoshtuka, mara nyingi kabla hajajua maana yake, kwa hiyo maumivu yatamfunza kukuogopa wewe tu.

Wangu, alipokuwa na umri huo, alimtukana punda aliyebeba mchanga akagoma njiani Langoni. Wazee waliokaa barazani wakaangua kicheko, naye akalirudia tusi lile mara tatu huku akiwatazama usoni. Kicheko kile ndicho kilichomfunza. Niliwaamkia, nikawaomba kwa heshima wasicheke tena, kisha nyumbani nikachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba neno hilo huumiza watu na kwetu halisemwi, na kwamba akiudhika aseme "nimekasirika" au "sitaki". Alipolirudia sikushtuka wala sikucheka. Alipotumia maneno mema nilimsifu papo hapo. Ilichukua wiki kadhaa.

Zungumza pia na nyanya yake na baba yake, ili jibu analopata mtoto liwe moja, na umweleze ustadhi wa madrasa mapema, asije akamfedhehesha mbele ya wenzake.