Mtu mmoja, kazi tatu kwa wiki moja

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: mchoraji wako mmoja amepangiwa kazi tatu katika wiki ileile, na mradi umekwisha kuchelewa. Kabla ya kuajiri mwingine, orodhesha kazi zote, onyesha ipi inaitegemea ipi, kisha utafute mnyororo wa kazi zinazotegemeana unaochukua muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa huo ndio unaoamua tarehe ya kumaliza. Kazi zilizo nje yake mara nyingi zinaweza kusubiri siku kadhaa bila madhara. Mimi humpangia mtu saa 6 tu kati ya 8 za kazi kwa siku, maana vikao na marekebisho humaliza zilizobaki. Mgeni atakayeletwa sasa atafundishwa na mchoraji huyohuyo aliyeelemewa, na hilo ndilo ninalolihofia zaidi. Iwapo mkataba una faini ya ucheleweshaji, mwone mwanasheria kabla hujabadili tarehe yoyote.