Kwa nini mahakama zilitesa washtakiwa?

Umeuliza: majaji wa Ulaya walijua kabisa kwamba mtu aliyezidiwa na maumivu husema lolote, sasa kwa nini waliruhusu mateso? Chanzo ni sheria ya ushahidi. Mwaka 1215 Kanisa liliwakataza mapadri kubariki majaribio ya moto na maji, ambapo mshtakiwa alishikishwa chuma cha moto au kutumbukizwa majini ili Mungu aonyeshe kama ana hatia. Badala yake mahakama nyingi za Ulaya bara (nje ya Uingereza) zikadai mashahidi wawili walioona kwa macho, au mshtakiwa akiri mwenyewe. Dalili nyingine, hata zikiwa nzito, hazikutosha kumhukumu mtu kifo. Jaji mwenye shahidi mmoja tu alibaki na njia moja: kutafuta ungamo.

Kanuni ya jinai ya 1532 ya Karl V, mfalme mkuu wa Dola Takatifu la Kirumi (nchi za Kijerumani), iliweka masharti: dalili za kutosha kwanza, maswali yasiyomlisha mshtakiwa maneno, na ungamo lirudiwe baadaye nje ya mateso. Lakini akilikana, aliweza kurudishwa kuteswa! Hapo ndipo masharti yote yalipokosa maana, na ndivyo wengi walivyouawa kwa tuhuma za uchawi.

Uingereza, baraza la wazee wa mahakama (jury, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia) lingeweza kumtia mtu hatiani bila ungamo, hivyo mateso hayakuwa sehemu ya kawaida ya kesi. Prussia, ufalme wa Kijerumani, iliyafuta mateso kabisa 1754.