Swali la lugha: Kiko cha babu, buldogi au rodesia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yetu alikuwa baharia, akatuachia kiko cha Kiitaliano cha kazi ya mkono. Ninaandika orodha ya vitu vya ukoo na nimekwama hapo. Mtu mmoja aliyeona picha yake anasema umbo lake ni "buldogi", mwingine anasema "rodesia", na wote wanasema mti wake ni "braia". Kwa kuwa kamusi iliniambia braia ni mmea wa miiba, nimeandika: "kiko cha duara cha mbwa, cha mti wa miiba". Ndugu zangu wameicheka sentensi hiyo. Naomba unisahihishe. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Neno lenyewe umelipatia: ni kiko, wingi wake viko. Wapo wanaoandika paipu, lakini paipu kwetu ni ya fundi bomba. Ya tumbaku ni kiko, na wengine huiita mtemba.

Kabla ya umbo tupate majina ya viungo, maana umbo la kiko husomwa kwenye viungo vyake. Kiko cha maji cha watu wa pwani kilikuwa na jina kwa kila sehemu. Kichwa cha udongo cha kutilia tumbaku kiliitwa bora. Mrija ulioshuka kutoka hapo hadi kwenye kifuu au kibuyu chenye maji uliitwa digali. Mrija wa pili, wa kutoka kwenye maji hadi mdomoni mwa mvutaji, uliitwa shilamu. Hata sauti ya maji yanapobubujika mtu akivuta ilipewa jina: malio ya kiko. Kiko cha babu yako hakina maji, lakini moshi wake unafuata njia ile ile. Kwa hiyo shingo ya mti inayotoka kwenye kichwa iite digali, na kile kipande cheusi kinachochomekwa mwishoni na kushikwa kwa meno kiite shilamu. Inaniuma kuona maneno haya yamelala kwenye kamusi huku tukiandika "kijiti cha kiko". Bora peke yake ndilo nisilokushauri: msomaji wa leo akikuta "bora ya kiko" atadhani unakisifia. Andika kichwa, inatosha.

Sasa "duara". Duara ni umbo bapa, la kuchorwa kwenye karatasi. Ukikitazama kiko kwa juu, karibu kila kichwa kina mdomo wa duara, hivyo neno hilo halitofautishi kitu. Watoto wetu wanafundishwa majina ya maumbo yenye ujazo darasani, nasi tuyatumie. Kichwa kilichosimama wima, upana mmoja juu mpaka chini, ni mcheduara. Hilo ndilo umbo la kawaida kabisa, wenyewe huliita biliadi. Kilichovimba pande zote kikakaribia tufe huitwa tufaha. Kichwa kinachopanuka kadiri kinavyopanda, kama pia iliyogeuzwa, ni umbo la Dublin. Kuna pia umbo la Kanada, ambalo hulitambui kwa kichwa bali kwa digali: ni refu, limebanwa kidogo, ukilikata kati unapata duaradufu, na shilamu yake ni fupi.

Ugomvi wa mashahidi wako wawili unaeleweka, kwa sababu buldogi na rodesia wana kichwa kimoja. Kishike kiko ubavuni ukitazame. Nusu ya chini imeviringika. Nusu ya juu ni pia iliyokatwa ncha, inapungua kuelekea mdomoni. Pale zinapokutana, penye upana mkubwa kuliko kwingine, pana mifuo miwili myembamba inayokizunguka kichwa. Ukiona hayo, umebakiwa na maumbo mawili tu, na kinachoamua ni digali. Lipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa na pembe nne, moja ikiwa juu kama mgongo wa paa, hiyo ni buldogi. Likizunguka laini bila kukukwaruza na pembe yoyote, ni rodesia. Picha iliyopigwa kwa ubavu huificha tofauti hii, ndiyo maana wawili hao wameshindwa kukubaliana.

Mbwa mwondoe kabisa. Buldogi hapa ni jina la aina, na jina la aina halifasiriwi. Namna ya Kiswahili ya kulibeba ni kulitanguliza neno umbo: "kiko cha umbo la buldogi", "kiko cha umbo la rodesia". Msomaji asiyelijua jina atasaidiwa na maelezo ya kichwa na digali yatakayofuata.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza, ila utalihitaji. Kiko ambacho shilamu yake imeenda moja kwa moja ni kiko kilichonyooka. Kingine ni kilichopinda. Usiandike "kilichokunjwa", kwa kuwa kinachokunjwa hukunjuliwa, na hiki shilamu yake ilipashwa moto ikapindwa, ikabaki hivyo.

Tuje kwenye mti, ambako kamusi imekupoteza. Viko vya aina hii vilianza kutengenezwa Saint-Claude, Ufaransa, katikati ya karne ya 19, na Wafaransa wakauita mti wake bruyère, ambalo ni jina la erika, aina ya mti mdogo. Waingereza walilitamka neno hilo likafanana na neno lao la vichaka vya miiba, briar, na ndiyo hiyo braia uliyoambiwa. Mti wenyewe, Erica arborea kwa jina la kitaalamu, hauna mwiba hata mmoja. Huota nchi za Bahari ya Mediteranea, ikiwemo mikoa ya Calabria na Liguria huko Italia, na uko hata Afrika Mashariki, kwenye milima ya Rwenzori. Kinachotumika si shina wala tawi. Ni kivimbe kigumu kinachoota chini ya ardhi, kati ya shina na mizizi. Hukatwa vipande, huchemshwa saa nyingi kutoa utomvu, kisha huachwa vikauke muda mrefu. Waitaliano hukiita radica, neno lenye asili ya mzizi. Sisi tunalo neno nundu, na "nundu ya erika" inasema kitu kile kile bila kumchoma mtu.

Kuhusu "kazi ya mkono", umesema vizuri, na tafuta kwenye digali maneno fatta a mano, ambayo mafundi wa Italia hupenda kuyagonga na ambayo maana yake ni hiyo hiyo. Kitenzi chake ni kuchonga. Kukereza ni kazi ya mashine inayozungusha mti, kama miguu ya vitanda vya Zanzibar, na fundi wa viko anaweza kuanza kwa kukereza kichwa kabla ya kuchonga na kupiga msasa. Viwandani umbo lina kielelezo na mara nyingi namba yake hugongwa kwenye digali, kama wanavyofanya Savinelli, watengenezaji wa viko wa Italia walioanza na duka mjini Milano mwaka 1876. Mchongaji wa mkono hufuata jinsi mti ulivyo, kwa hiyo usishangae kiko cha babu kikiwa kinene au kifupi kuliko rodesia za kwenye picha. Mifuo na digali ndivyo vya kuviamini.

Ningeandika hivi:

"Kiko cha Kiitaliano, kazi ya mkono, umbo la rodesia, kilichopinda kidogo. Kichwa ni cha nundu ya erika, juu kina umbo la pia iliyokatwa, na kimezungukwa na mifuo miwili. Digali ni la mviringo. Shilamu ni nyeusi, ya mpira mgumu."

Kama shilamu ni ya plastiki, au kiko kimenyooka, badilisha hapo. Na ukilishika digali ukakuta pembe nne, futa rodesia uandike buldogi, na "la mviringo" iwe "lenye pembe nne". Mengine yabaki yalivyo.