Jibu: Mwanangu wa kirumbizi, jukwaa au televisheni?

Dada, umeuliza kama kijana wako wa Matondoni, hapa kisiwani Lamu, anayependa kirumbizi, ngoma yetu ya kupigana kwa fimbo, achague kucheza na kubuni miondoko ya jukwaani au ya televisheni. Asichague! Bob Fosse, mchezaji na mbunifu wa miondoko wa Marekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1927, alianza kucheza kwenye kumbi tangu udogoni. Mwaka 1973 alitwaa tuzo ya Tony ya jukwaa, Oscar ya sinema na Emmy ya televisheni, zote mwaka mmoja. Miondoko yake ilikuwa mabega kuinama, kofia kushushwa usoni, vidole kutanuka: mambo madogo, lakini kamera huyaona.

Na hapo ndipo penye kazi. Goma, ngoma yetu nyingine ya Lamu, hutazamwa zima, safu ya kanzu nyeupe na bakora zikienda taratibu pamoja. Kamera ikisogea, safu yapotea, unabaki na mkono mmoja. Juzi nilimrekodi mpwa wangu kwa simu mbele ya Ngome ya Lamu, nyayo zote zikakatwa, na uzuri wake uko miguuni. Tukarudia, simu nikaiweka chini kabisa, kwenye ukingo wa baraza. Lo, vumbi lenyewe lilionekana likiruka!

Basi ajirekodi hivyo kila wiki, ajitazame. Maulidi yakifika mlete mjini nimwone.