Msimuachishe ngano kabla hajapimwa

Swali: Asalaam aleikum daktari. Mie nipo Wete, binti yangu ana miaka 7, tumbo linamtuna, anaharisha mara kwa mara na kila akipimwa damu ni ndogo hata akimaliza vidonge. Minyoo keshatibiwa mara tatu. Shangazi yake wa Unguja kasema huenda ni seliaki, tukamuachisha boflo na chapati, sasa wiki ya tatu na kachangamka. Apimwe nini, na dawa yake ipo?

Jibu: Waaleikum salaam dada, pole sana kwa kuuguza. Nianze na hilo la boflo maana ndo linalonitia wasiwasi. Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inauharibu utumbo mdogo kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo kwenye ngano. Kipimo chake cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa unazitengeneza pale gluteni inapoingia, ukiiondoa zinashuka kidogo kidogo na baada ya miezi majibu yanasema hana kitu kumbe anacho. Wiki tatu hamjachelewa, nendeni kwa daktari wiki hii hii mumwambie mliacha lini, yeye ataamua damu ichukuliwe sasaivi au aanze kula tena. Kawaida tunataka ngano kwenye mlo zaidi ya mmoja kila siku kwa wiki 6 hivi. Najua inauma kumrudishia mtoto kitu ulichoona kinamdhuru, lakini masharti yake ni ya maisha, tusimfunge nayo kwa kukisia.

Huko kuchangamka si jambo dogo. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliona hivo hivo kwenye njaa ya 1944-45, mikate ilipoadimika watoto wagonjwa wakapata nafuu na iliporudi wakaugua tena.

Kipimo kinaitwa tTG-IgA, kinatafuta kingamwili za seliaki za aina ya IgA, na kifanywe pamoja na IgA ya jumla, yaani IgA yote iliyomo kwenye damu. Hii ya pili inasahauliwa sana na inaniumiza, kwa sababu kuna watu miili yao haitoi IgA ya kutosha, basi jibu linarudi negativu ya uongo. tTG ikiwa juu, anatiwa kamera na kuchukuliwa vipande vidogo vya utumbo mdogo. Ndani yake huwa kuna vinyuzi vimesimama kama taulo jipya, kwa mwenye seliaki vimelala, pamekuwa bapa kama jamvi, ndo maana madini ya chuma yanapita tu na damu haipandi. Tangu 2020 miongozo ya madaktari wa watoto Ulaya inaruhusu kuiacha kamera kama tTG imezidi kiwango cha juu cha kawaida mara 10 na kipimo cha EMA, cha kingamwili nyengine za seliaki, kwa damu ya siku nyengine, nacho kikawa pozitivu.

Dawa ya kumeza bado. Ipo moja, ZED1227, majaribio yake ya 2021 yalionesha inapunguza madhara kwenye utumbo, lakini haijafika madukani. Tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano) moja kwa moja, na kwetu wali, muhogo, ndizi, mtama, vitumbua na mkate wa kumimina vya mchele mtupu vinamtosha. Bokoboko ni ngano yenyewe, na badia za kunde zikikaangwa kwenye mafuta ya sambusa usimpe. Nshamuona mtoto mama yake kashika masharti kweli kweli, nyumbani unga wa ngano hauingii, na tTG haishuki miezi, tukaulizana wee mpaka mtoto mwenyewe akasema akitoka skuli anapitia urojo, na ule ulikuwa umekorezwa unga wa ngano.