Daftari la mhakiki: kwa wanaoanza kuandika kuhusu maigizo Uganda

Kasumba ya mhakiki, yaani mielekeo anayoingia nayo ukumbini, ni nadra kuonekana kwenye matusi, maana matusi mhariri huyafuta kabla gazeti halijachapwa. Hujificha kwenye vivumishi: igizo "dhaifu", "la kishamba", "lenye kelele", "la kiwango cha kimataifa". Maneno haya yanapita kwa sababu hakuna anayeyadai ushahidi. Msomaji wa Arua, mbali na Kampala, ambaye hataliona igizo hilo hawezi kujua kama umelieleza igizo au umejieleza mwenyewe. Karibu kila tunachokushauri hapa chini kinalenga jambo moja, kwamba kivumishi kisikanyage karatasi kabla hakijaleta shahidi.

Anza kabla ya pazia kufunguliwa. Ukiwa bado kwenye taksi, andika mistari mitatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: unalijua nini kundi hili, unatarajia nini usiku huu, na unamfahamu nani ndani yake. Matarajio yasiyoandikwa hujibadilisha kimyakimya, na igizo likiisha utayakuta yamekuwa hukumu. Kama mstari wa tatu umemtaja shemeji, mdai wako, mpenzi wa zamani au mtu mliyegombana, mpigie mhariri amtume mwingine. Chama cha kimataifa cha wahakiki wa teatri, AICT, kilichoanzishwa Paris mwaka 1956, kinataka hivyohivyo katika kanuni zake: usihakiki kazi ya watu mlio na uhusiano nao. Kanuni hizohizo zinamtaka mhakiki aiseme wazi mielekeo yake pale inapohusu kazi anayoihakiki, na hilo ndilo gumu zaidi.

Tiketi ya bure ni desturi ya kazi hii karibu kila mahali. Bahasha ya "usafiri" ni jambo jingine. Usiipokee, hata kama waandishi wote walioketi safu yako wameipokea na wanakutazama. Bahasha haikufanyi uandike uongo moja kwa moja. Inachofanya ni kukulegeza: aya kuhusu sehemu ya pili iliyodorora unaifupisha, kisha unaiondoa, na bado unajiona mkweli kwa kuwa kila sentensi iliyobaki ni kweli. Gazeti likishindwa kukulipia nauli, igizo hilo liache.

Sasa lugha, ambako wengi huanguka. Katika wiki moja unaweza kutazama igizo la Kiluganda, la Kiingereza na la Kiacholi, na hakuna mhakiki anayezimudu lugha zote za nchi hii. Kwa igizo la lugha usiyoijua, nenda na mtu aliyekulia ndani ya lugha hiyo na asiyehusiana na kundi. Asikunong'oneze. Mnong'ono unawakera walio jirani, nawe unaishia kumtazama yeye badala ya jukwaa. Apewe karatasi yake aandike saa na sababu ya kila kicheko, kila ukimya na kila methali, kisha mkae nusu saa baada ya igizo mlinganishe. Kwenye makala weka sentensi moja tu: igizo limetazamwa kwa msaada wa mkalimani. Utamu wa mazungumzo usiuhukumu, kwa sababu hukuusikia. Mwendo, nafasi, sauti, taa na maleba uliviona mwenyewe, na hivyo ni vingi vya kutosha.

Anayeandika kwa Kiswahili ana mtihani wa ziada. Hapa Uganda lugha yetu ilibebwa sana na jeshi na polisi, na miaka ya Idi Amin iliacha kovu juu yake. Ndiyo maana jukwaani Kiswahili hupewa mara nyingi askari, mlinzi au mwizi. Mhakiki mgeni, aliyejifunza Kiswahili sanifu shuleni, anamsikia askari wa kizuizi cha barabarani akifoka "wewe lala chini, toa kitambulisho yako", kisha anaandika kwamba mwandishi hajui sarufi. Kosa ni la mhakiki. Askari huyo angesema "kitambulisho chako" kwa upole wa darasani, mzee aliyekaa safu ya tatu asingemwamini hata kidogo.

Chukua maneno mawili tu: panda gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndivyo watu walivyoziita operesheni za jeshi za kuwakusanya raia na kuwapakia kwenye malori. Mwigizaji akiyatamka leo, vijana wa nyuma wanaweza kucheka kwa jinsi alivyolivuta neno, huku wenye mvi wakinyamaza ghafla. Ukiandika "ukumbi ulicheka", umeandika nusu ya ukumbi. Andika nani alicheka, ameketi wapi, na nani alinyamaza. Nusu hiyo ya pili pengine ndiyo igizo lenyewe.

Lakini usiishie kuwatetea waandishi. Kama katika saa mbili nzima Kiswahili kimesemwa na mwenye bunduki peke yake, wala hakuna mama muuza ndizi, mwalimu au dereva anayekisema, hilo ni jambo la kuhakikiwa. Mwandishi ameirudia kasumba au ameichezea kwa makusudi? Jibu litafute kwenye matendo ya mhusika, usilitafute kwenye mahojiano baada ya igizo.

Kasumba nyingine kubwa ni ya umbo. Maigizo ya Kiluganda yanayopendwa na watu wengi yana nyimbo, yana mchekeshaji anayekatiza habari, yana mwigizaji anayewageukia watazamaji na watazamaji wanaomjibu. Pengine mtu anainuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa katikati ya onyesho. Ukiyapima kwa kipimo cha sebule ya kuta tatu, ambamo waigizaji wanajifanya hawatuoni, kila kimoja kati ya hivyo kitahesabika kasoro. Uliza badala yake: wimbo huu unasukuma habari mbele, unaisimamisha ili tutafakari, au unaifasiri? Watazamaji wakijibu, mwigizaji analitumia jibu lao au analifunika?

Historia itakusaidia kuliko nadharia. Oluyimba lwa Wankoko (Wimbo wa Jogoo), igizo la Byron Kawadwa lililoimbwa kwa muziki wa Wassanyi Serukenya na kupelekwa kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika na watu weusi, huko Lagos mwaka 1977, ni fumbo la madaraka lililovikwa manyoya ya jogoo. Mwaka huohuo Kawadwa aliuawa na utawala wa Amin. Anayeliita fumbo la jukwaa la Uganda "utoto" au "woga wa kusema wazi" hajajua limelipiwa bei gani. Robert Serumaga, aliyeanza kwa kuandika tamthilia za Kiingereza, aliingia miaka ya 1970 akiwa na kundi lake la Abafumi katika uigizaji wa mwili, wimbo na mwendo. Katika igizo Mother Uganda and Her Children la Rose Mbowa, la mwaka 1987, ngoma za sehemu mbalimbali za nchi ndizo zinazobeba hoja.

Kwa hiyo ukiandika "kisha zikafuata ngoma za asili", umeiruka hoja yenyewe. Zijue kwa majina na kwa kazi zake: bakisimba ya Buganda, ekitaguriro ya Ankole, larakaraka ya Waacholi, runyege ya Bunyoro na Tooro. Jua ipi kwa wenyewe ni ya uchumba na ipi ni ya ikulu, maana mwongozaji anayeweka ngoma ya uchumba kwenye mandhari ya mazishi ama amekosea ama anasema jambo zito, na ni wewe unayepaswa kumwambia msomaji ni lipi kati ya hayo mawili. Heshima hii isigeuke msamaha wa jumla. Wimbo wa dakika kumi na mbili uliowekwa ili waigizaji wabadilishe maleba ni kasoro. Itaje pamoja na dakika zake.

Turudi kwenye daftari. Ukurasa ugawe kwa mstari wa wima. Kushoto weka saa na tendo, kulia weka maoni. Igizo la saa mbili likupe mistari arobaini hadi sitini upande wa kushoto. Upande wa kulia ukijaa kuliko wa kushoto, ulikuwa unahukumu wakati ulipaswa kutazama. Mstari mzuri wa kushoto ni kama huu: "Saa 2.40 usiku, mama anapewa barua, anaikunja mara mbili bila kuisoma, anaiweka chini ya sufuria." Hakuna sifa wala lawama humo, ila ukiusoma kesho asubuhi utaiona mikono yake.

Ukiwa na mistari ya namna hiyo, sentensi "mwigizaji wa mama alikuwa dhaifu" inakosa pa kukaa. Utaandika: "Habari ya kifo ilipoletwa, aliwageukia watazamaji akasema sentensi zote nne, na mwanawe aliyepiga magoti nyuma yake hakumgusa hadi taa zikazimwa." Sasa msomaji anaona, na wewe mwenyewe unaanza kuuliza maswali ya maana zaidi. Je, huo ni udhaifu wa mwigizaji, au mwongozaji alitaka mama asiyeweza kugusa? Kama alitaka hivyo, igizo limetuandaa? Mara nyingi utagundua kwamba neno "dhaifu" lilikuwa uchovu wako wa siku nzima.

Kabla ya kumlaumu mtu, hakikisha lawama ni yake. Sauti isiyofika safu za nyuma inaweza kutokana na maikrofoni iliyoning'inizwa vibaya, jenereta nyuma ya ukuta, au mvua juu ya mabati. Wakati wa mapumziko hamia kiti kingine. Ukisikia vizuri safu ya nne na kupoteza maneno safu ya kumi na tano, andika hivyo.

Miili ya wanawake inahitaji jicho kali la mhakiki juu ya kalamu yake mwenyewe. Zungushia duara kila neno linalohusu umbo, ngozi, umri au uzuri wa mwigizaji, kisha weka jina la mwanamume mahali pake. Sentensi ikiwa kichekesho, ifute. Kama mwili una kazi katika igizo, eleza kazi hiyo: anavyolibeba tumbo la mimba sehemu ya kwanza na jinsi mgongo unavyonyooka sehemu ya pili.

Kipimo cha karibu na hicho kitumie kwa lafudhi. Vichekesho vyetu vinamtegemea mno mfugaji wa Ankole, Mkiga mwenye ubavu, mlinzi kutoka kaskazini na Mhindi mwenye duka. Angalia kama mhusika huyo anafanya uamuzi wowote unaobadilisha habari, na kama tunacheka alichofanya au tunacheka ulimi wake. Angalia pia kama kuna anayemjibu kwa usawa. Majibu yote yakiwa mabaya, ukumbi uliojaa vicheko haukuondolei wajibu wa kulisema.

Jihadhari na kuandika usichoweza kukiona jukwaani. Mwaka 2018 Royal Shakespeare Company ya Uingereza ililaani hadharani uhakiki wa gazeti moja la London uliohoji kama mwigizaji mweusi alipewa nafasi kwa sababu ya rangi yake. Mbali na ubaguzi, huo ni uhakiki mbovu kwa maana ya kazi: nia ya aliyegawa nafasi haikuwa jukwaani. Kwetu kosa hilo huja kama "amepewa kwa sababu ni wa kabila la mwongozaji" au "ni mtoto wa mwenye kundi". Ulichokiona ni uigizaji wake, basi andika huo.

Huruma nayo ni kasumba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 maigizo mengi hapa yamebeba ujumbe wa afya na maendeleo, hasa kuhusu UKIMWI, na mhakiki huogopa kuonekana anaupinga ujumbe. Anausifu ujumbe, igizo halihakiki. Waulize watazamaji watatu mlangoni wanakumbuka nini. Wakikutajia kauli ya kwenye bango badala ya tendo la mhusika, igizo halikufanya kazi, na waliolitengeneza wanastahili kuambiwa hilo kwa adabu.

Wakati wa kuandika maneno 600, muhtasari wa habari usizidi 120. Piga mstari chini ya kila kivumishi na ukitafutie mstari wake upande wa kushoto wa daftari. Kisichoupata kinaondoka, hata kama ni kizuri. Kundi lipigie simu kuhakiki majina tu, usilisomee hukumu. Majina ya Kiluganda yanaharibika kirahisi, na Ssemakula aliyeandikwa Semakula ataanza kutilia shaka kila kitu kingine ulichosema.

Baada ya makala kumi, chora jedwali: lugha ya igizo, mji, jinsia ya mwongozaji, idadi ya maneno uliyotoa, na sifa ya kwanza inatokea aya ya ngapi. Usishangae ukikuta nane kati ya kumi ziko umbali wa kutembea kutoka National Theatre ya Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1959, na kwamba maigizo ya Kiingereza yamepata maneno mengi kuliko mengine. Panga upya safari: moja kati ya kila nne iwe Gulu, Jinja, Mbale au Fort Portal, na mhariri aione hesabu hiyo unapomwomba nauli.

Makosa yatakuwepo. Ukigundua moja, lisahihishe mahali palepale, kwa herufi za ukubwa uleule, na ulitaje kosa lenyewe badala ya kusema kulikuwa na hitilafu: "Tuliandika kwamba ngoma ya sehemu ya tatu ni bakisimba. Ni runyege."