Ukitaka kurudi, anza Ijumaa jioni

Kila mwaka Pasaka yetu Wayahudi ikikaribia, napata ujumbe wa aina moja, wa watu wanaotaka kuurudia Uyahudi. "Kaka, nasikia babu alikuwa Myahudi kule Mbale, Uganda. Nianzie wapi?" Mwingine amezaliwa Nairobi na mama Myahudi, ila hajakanyaga sinagogi tangu bar mitzva yake, ile sherehe ya kijana kutimiza miaka 13. Wote nawajibu vilevile: weka vitabu kando kwanza. Anza Ijumaa jioni, Sabato inapoingia.

Mimi nilianza na vitabu. Nilikuwa na miaka 26, nikadhani lazima nimalize maswali yote kabla ya kufanya lolote. Je, naamini? Nastahili? Nilisoma miezi minane, na katika miezi hiyo sikuwasha mshumaa wa Sabato hata mmoja. Nilikuwa kama mteja anayesoma bei ukutani hotelini mpaka jiko linafungwa.

Na kumbe vingine nilikuwa nimeshaviona nyumbani. Sisi Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, tumetokana na Semei Kakungulu, chifu wa huko, ambaye mwaka 1919, baada ya kuisoma Torati kwa makini, alijitahiri yeye na wanawe, akaishi Kiyahudi pamoja na wafuasi wake karibu na Mbale. Idi Amin alipopiga marufuku Uyahudi miaka ya 1970, wengi walibatizwa au wakasilimu. Jumuiya iliyokuwa ya maelfu ikabaki mamia. Babu yangu alibatizwa, akabadili jina, akavuka mpaka kuja Kenya kutafuta kibarua. Hakulizungumzia tena jambo hilo hadi anakufa.

Lakini nyanya hakupika Jumamosi. Chungu kilikaa kwenye majivu ya moto tangu jana yake, na sisi wajukuu tukamwona mvivu. Nyama aliinyunyizia chumvi pande zote, akaitandaza juu ya ungo ulioinamishwa, damu ikachuruzika kama saa nzima, ndipo akaiosha. Tulijua ni mapishi yake tu. Nilipokuja kusoma jinsi nyama ya kosha, yaani inayoruhusiwa kwa Wayahudi, inavyotolewa damu, niliuona ungo ule ule. Kwa hiyo kabla hujamtafuta rabi, mtafute shangazi. Usimuulize "sisi ni Wayahudi?" maana atakukatalia. Muulize nini hakikuliwa kwenu, na siku gani hapakufuliwa nguo.

Sasa hiyo Ijumaa. Siku yetu huanza jua likizama, na hapo mtu wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa: saa moja ya usiku ndiyo saa ya kwanza, na wazee wa pwani usiku wa kuamkia Jumamosi huuita usiku wa Jumamosi. Walioko Ulaya huhangaika, mara jua linazama alasiri, mara karibu na usiku wa manane. Nairobi linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Desturi ni kuwasha mishumaa dakika 18 kabla. Ukiwasha saa kumi na mbili kamili, hukosei. Shida ni msongamano wa Thika Road tu. Toka kazini mapema.

Ijumaa yangu ya kwanza niliweka mishumaa miwili kwenye kisosi, nikasoma baraka kutoka kwenye karatasi. Hata nusu saa haikupita, stima ikapotea jengo zima. Jirani akagonga: "Naona una mishumaa miwili, nigawie mmoja." Nikamgawia, ukiwaka hivyo hivyo. Baadaye nikaelezwa kwamba mishumaa ya Sabato ikishawashwa haiguswi. Ijumaa iliyofuata niliwasha miwili tena, na pakiti nikaiacha mlangoni.

Kazini, sema ukweli mapema. Mimi niliumwa malaria Jumamosi tatu mfululizo, meneja akaniuliza kama mbu wangu ana kalenda. Nilipokiri na kujitolea kushika zamu za Jumapili, alifurahi, maana hazikuwa na mtu. Wasabato wametufungulia njia hapa. Waajiri wengi wameshazoea mtu asiyefanya kazi Jumamosi. Utaitwa Msabato mpaka uchoke. Mimi nimeacha kusahihisha.

Kiebrania kisikutishe. Herufi ni 22, zinakwenda kulia kushoto, kama Kiswahili cha zamani kilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na kwa sababu Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, nusu ya kazi umeshafanyiwa: sita ni shesh, saba ni sheva, tisa ni tesha, ishirini ni esrim, arobaini ni arbaim. Baraka ni bracha, sadaka ni tzedaka, roho ni ruah, nabii ni navi. Jifunze Shema kwanza, ile sala ya kukiri kwamba Mungu ni mmoja, kwa sauti, hata kabla ya kuzijua herufi zake.

Chakula usikibadilishe chote kwa wiki moja, utachoka. Acha nguruwe na kamba, tenganisha nyama na maziwa, basi. Ngege ana mapezi na magamba, kula. Kambare hana magamba, mwache. Mengine yatafuata.

Sinagogi ya Nairobi iko pale Uhuru Highway inapokutana na University Way. Waandikie kabla ya kwenda na ubebe kitambulisho. Mlinzi atakuhoji, usikasirike, ni usalama wa wote. Ndani nilifungua siduri, kitabu cha sala, upande wa kushoto, yaani mwisho wake, nikasimama nikigeuza kurasa kwa heshima kubwa. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akaigeuza siduri yangu, akaendelea kuomba bila kunitazama. Ukipata nafasi panda pia Nabugoye, nje ya Mbale, kwa Rabi Gershom Sizomu. Sinagogi kubwa ya pale ilifunguliwa mwaka 2016, na zaburi zinaimbwa kwa Luganda.

Kuna jambo moja litakalokuuma: karatasi za kuthibitisha Uyahudi wako. Kama Myahudi kwenu ni baba peke yake, au ukoo ulibatizwa kama wetu, unaweza kuambiwa usimame mbele ya jopo la watu watatu kisha uzame majini, kama anayeingia dini upya. Nililia kidogo nilipoambiwa. Nilihisi nyanya amekataliwa. Kilichonituliza ni kujua kwamba mwaka 2002 marabi wa Conservative, tawi mojawapo la Uyahudi, walikuja Uganda, na mamia ya Abayudaya waliolelewa Kiyahudi tangu utotoni wakaingia majini. Wale hawakuwa na haja ya kumthibitishia mtu chochote, na bado waliingia. Nami nikaingia. Maji yalikuwa baridi ajabu.

Mama yangu bado ni Mwanglikana na sijamwomba abadilike. Ila Ijumaa saa kumi na moja hunipigia kuuliza kama nimeshatoka kazini, kwa kuwa anajua simu nitaizima. Wiki iliyopita aliniuliza kama nautaka ungo wa nyanya. Uko darini jikoni, umetoboka upande mmoja. Nimemwambia autume kwa basi la Jumapili.